Dhara Baada ya Upasuaji wa Uzazi

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, kisha akatoka hospitalini na dhara asiloingia nalo, mathalani mkojo umtokao pasipo hiari kwa kuwa kibofu kilijeruhiwa, ana haki ya kuuliza ni nini kilichotendeka, wala asitahayari kuuliza.

Hata hivyo, si kila dhara ni taksiri ya daktari. Kibofu kilichogandamana na kovu la upasuaji wa zamani huweza kukatika hata mikononi mwa stadi, na hapo la kupimwa ni hili: je, jeraha lilitambuliwa, likashonwa, na mama akaelezwa? Ama kitambaa kusahauliwa tumboni, hilo kwa rai yangu halina udhuru, maana vitambaa huhesabiwa kabla ya tumbo kufungwa.

Basi, mama, omba kwa maandishi nakala ya faili lako, hasa fomu ya ridhaa uliyotia sahihi na maelezo ya upasuaji wenyewe, ukampe daktari mwingine ayasome, ndipo umwendee wakili. Malalamiko juu ya mwenendo wa daktari hupokewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, lakini fidia hutafutwa mahakamani; na kwa sheria ya Tanzania Bara muda wa kudai ni miaka 3, nayo hospitali ikiwa ya serikali, sharti itangulie notisi ya siku 90.

Nanyi jamaa zake, tafadhalini, msimwambie kuwa ni kudura kabla faili halijasomwa.