Ng'ombe Walipita Kule

Siku hizi ukitoka Mwanza mjini kwenda Sengerema, kivukoni Kigongo hushuki. Gari linapanda daraja, na kabla wimbo wa redioni haujaisha uko ng'ambo, Busisi. Tangu 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za ghuba mtu anazipita huku anachati. Zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, tulikaa foleni ya pantoni, sato wa kukaanga kwenye gazeti, na ukiwa na mgonjwa, anasubiri nawe.

Mwaka huohuo wa daraja, watu wengine walikuwa wanakumbuka uvukaji wao. Tarehe 4 Julai 1825 mashua iitwayo Restauration iling'oa nanga Stavanger, Norway, ikiwa na watu 52, ikaelekea Marekani. Ilitia nanga New York tarehe 9 Oktoba na watu 53, maana mtoto wa kike alizaliwa baharini. Serikali ya Marekani ikaikamata: imebeba abiria kupita kiasi! Rais John Quincy Adams ndiye aliyewasamehe.

Kuna mtu aliwatangulia. Cleng Peerson alikwenda Marekani mwaka 1821 kuangalia hali. Baadaye, mwaka 1833, akatembea kwa miguu hadi Illinois kutafuta ardhi nzuri, akarudi kuwaita wenzake. Leo vitukuu wa wahamiaji hao wanaweza kukutajia hata shamba alikotoka babu yao, kwa sababu Wanorway wengi walibeba jina la shamba likawa jina la ukoo, na vitabu vya kanisa vilikwishaandika nani kabatizwa, nani kaoa.

Wanorway wenyewe walifika hata kwetu. Hospitali ya Haydom kule Mbulu ilifunguliwa na wamisionari wao mwaka 1955, na Wasukuma wa Meatu wanaijua. Dk. Ole Halgrim Evjen Olsen aliiongoza kuanzia 1961 kwa miaka mingi, na baadaye mwanawe Øystein, daktari pia, naye akaiongoza. Baba na mwana, na habari zao zimeandikwa.

Lakini mimi niko Kigongo, na swali langu ni la hapahapa. Ng'ambo ile, Sengerema na Geita, ilikuwa nchi ya Wazinza. Pori lilikuwa zito na mbung'o wamejaa. Mwaka 1947 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa maendeleo wa Usukumani, makao yake Malya, na sehemu ya mpango huo ilikuwa kuwapunguza watu na mifugo huku kuliko­jaa, wahamie Geita. Wengine hawakungoja mpango. Walikata pori, wakapanda pamba, wakaitwa wageni mpaka wakazeeka.

Guku wangu, babu mzaa mama, ni mmojawapo. Naye alitanguliza miguu kama Peerson: alikwenda kwanza peke yake, akalala kwa rafiki, akaonja udongo (mama anaapa kwamba aliuonja kwa ulimi), ndipo akarudi kuchukua familia. Watoto na vyungu vilipita kwa mtumbwi. Ng'ombe walizungushwa kwa miguu, kusini kabisa ghuba inakoishia.

Tarehe? Hakuna kitabu cha kanisa. Kuna majina. Mama mdogo ni Nyanzala, kwa hiyo kulikuwa na njaa. Mjomba ni Mabula, kwa hiyo mvua ilirudi. Wakafuata Kulwa na Doto, pacha, na aliyewafuata lazima awe Shija. Ukiwapanga hao kwa umri unaipata miaka ya mwanzo ya boma lile bila karatasi. Tatizo ni kwamba wajukuu tumewaita wanetu Brighton na Precious, na hapo daftari letu limefungwa. Nasema hivyo nikiwa mkosaji namba moja.

Mwezi uliopita nilimvusha mama kwa gari. Katikati ya daraja akaniambia, "Hebu punguza mwendo, baba." Akanyoosha kidole kusini. "Ng'ombe walipita kule." Nikatazama. Niliona maji na mawe tu. Nikataka kumuuliza walikuwa wangapi, lakini nyuma yetu lori likapiga honi.