Picha ya Binti Sayyid
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Bariadi)



Tulipoombwa kusema machache jioni hii tuliona haya, maana sisi tu makarani, wala hatukupata kusomea kazi ya kupiga picha. Lakini mwenzetu mmoja aliporudi kutoka likizoni Unguja alituletea kadi yenye picha ya mwanamke aliyevaa mavazi ya kifalme, nayo imepita mikononi mwa wengi wetu. Chini yake pameandikwa “Binti Mfalme wa Unguja”, basi, hapana zaidi. Wengine wakasema, “Tazameni jinsi mabibi wa jumba la Sultani walivyokuwa.” Maneno hayo ndiyo yaliyotuinua kitini.

Mwanamke yule ni Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Picha haikupigwa Unguja. Ilipigwa Hamburg, Ujerumani, yapata mwaka 1868, katika chumba cha mpiga picha H. F. Plate. Wakati huo Salme alikuwa amekwisha kutoroka kwao tangu 1866. Alibatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Basi aliyekuwa mbele ya kamera alikuwa mke wa mfanyabiashara, mbali sana na jumba la baba yake, naye siku hiyo alivaa tena nguo za kwao.

Tena yatazameni mavazi yenyewe. Vito vipo, na nguo za Kiomani zipo, lakini uso u wazi. Mwanamke wa cheo chake kule Unguja alivaa barakoa mbele ya wanaume wasio jamaa zake, na mwenyewe aliieleza desturi hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1886. Mgeni mwanamume asingalimwona hivi, sembuse mgeni mwenye kamera. Na kamera za siku hizo hazikuwa za kuibia: kioo kilipakwa dawa, na mwenye kupigwa picha akakaa kimya bila kutikisika mpaka kazi iishe. Kwa hiyo twasema nguo ni za jumbani, lakini yale tunayoyaona hayakuonekana jumbani. Hatusemi kuwa picha ni ya uongo. Mavazi yale alikuwa na haki nayo kwa kuzaliwa kwake, hata kama nduguze walikataa kumpokea aliporudi Unguja mwaka 1885.

Lakini kuna jambo jingine ambalo picha haisemi hata kidogo, nalo latuhusu sisi hasa. Bibi huyu alikuwa karani! Alipokuwa msichana alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma tu. Na mwaka 1859, nduguye Barghash alipofanya njama ya kumwondoa Sultani Majid, aliyeziandika barua za njama ile alikuwa Salme, umri wake yapata miaka 15. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay, na mwandishi wa barua akabaki na lawama. Mkufu na pete twaviona kwenye kadi, kalamu hatuioni.

Kama asingaliandika yeye mwenyewe, tungalibaki na yale maneno manne ya chini ya kadi.

Nasi je? Nyumbani kwetu pana picha ya bibi yetu, aliyetoka katika nyumba ya mtemi mmoja wa huku Usukumani, kabla ya utemi kuondolewa mwaka 1963. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, shanga za kwao shingoni, na miguuni viatu vya kike vya Kizungu. Viatu vile, twaambiwa, vilikuwa mali ya mpiga picha, navyo vilimzidi. Ndiyo maana ameficha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Baba mdogo asema ilipigwa Mwanza. Shangazi asema la, ni Shinyanga, na shanga zile hazikuwa za harusi bali za msiba. Nyuma ya picha hapana neno hata moja. Sisi tunaoandikia watu barua za mirathi, tukawauliza majina ya babu zao na mwaka wa kuzaliwa, tuliishi na bibi yule miaka mingi tusimwulize lolote, mpaka tukamzika.

Shangazi yu hai, yuko Dutwa. Jumamosi hii tutamwendea na picha hiyo, tukichukua kalamu ya risasi, maana wino hupenya upande wa pili.