Mawe Yaliyoandikwa Yasomwe Kabla ya Kupakwa Chokaa

Kusini ya Unguja, Kizimkazi Dimbani, upo msikiti mdogo wenye paa la bati. Ukiupita njiani haukusimamishi. Watu wanasali humo mpaka leo kama wanavyosali msikiti mwingine wowote wa kijiji. Lakini ukielekea kibla, kwenye mihrabu na ukuta wake utakuta jiwe lililochongwa herufi za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, na ndani ya herufi hizo umo mwaka: 500 Hijria, mwezi wa Mfungo Pili. Kwa hesabu ya Miladi ni 1107.

Hebu tuupime mwaka huo. Vasco da Gama alipita mwambao huu 1498. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Jiwe la Kizimkazi lilikuwa limeshachongwa zaidi ya karne mbili kabla ya Ibn Battuta kutia mguu Kilwa. Kwa hiyo anayesema historia ya pwani hii iliandikwa na wageni waliopita na jahazi, tumjibu kwa jiwe. Watu wa hapa waliagiza maandishi wenyewe, wakayaweka mahali pa heshima kuliko pote walipokuwa napo, wakatia na tarehe.

Nataka mjue jinsi kazi ile ilivyofanywa, maana heshima huanzia hapo. Jiwe la matumbawe linalofaa kuchongwa kwa ustadi hutolewa baharini likiwa bichi. Likiwa bado na maji ni laini, patasi inaingia, fundi anaweza kukata mstari mwembamba bila jiwe kumegeka. Likishakaa juani linakauka na kuwa gumu, na kosa halirudiwi. Fundi wa Kizimkazi alikuwa na muda mfupi, na bado hakuchonga herufi tupu. Alizipandisha juu shingo za alifu na lamu, akazimalizia kwa majani na mapindo, mpaka mtu asiyejua kusoma akadhani ni nakshi. Huko Siraf, bandari ya zamani ya Uajemi, yameonekana maandishi ya sampuli hii hii. Bahari ilikuwa inabeba mafundi na mitindo yao, haikubeba vyungu na shanga peke yake.

Na kusoma je? Wengi wetu tumepita chuoni, tumekaa mbele ya maalimu, tunazijua alifu na be. Lakini Kikufi cha jiweni hakina nukta. Be, te, the, na hata nuni ikiwa katikati ya neno, zote ni jino moja. Msomaji inambidi aanze na maneno anayoyajua kwa moyo, yaani aya za Kurani, ajifunze humo mkono wa fundi, jinsi anavyolipinda dali, jinsi anavyoliketisha ha. Akishauzoea mkono ule ndipo anapoyaendea yasiyojulikana: majina ya watu. Mswisi mmoja, Samuel Flury, bingwa wa Kikufi, alichapisha uchambuzi wa maandishi ya Kizimkazi mwaka 1922, na mpaka leo wataalamu wanaanzia hapo. Aliyeamuru msikiti ujengwe anatajwa humo kuwa ni Sheikh Abu Imran, mwana wa al-Hasan, mwana wa Muhammad. Katikati ya jina hilo pana neno ambalo baadhi wamelisoma Musa, na maelezo mengine yanamtaja kuwa Mfaume. Tofauti hiyo si ndogo. Ni ama jina la mtu, ama cheo kwa lugha yetu wenyewe. Swali hilo lingali linangoja macho ya vijana wetu, na jiwe lipo palepale, Dimbani.

Mtu ataniuliza, mwaka mmoja jiweni una faida gani? Faida yake ni kubwa. Tuchukue Kilwa. Masimulizi ya Kilwa yanataja Ali bin al-Hasan kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Washirazi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka mingi, alimweka mwishoni mwa karne ya 12. Sarafu zenye jina lake zilikuwapo, lakini sarafu za Kilwa hazikuandikwa mwaka, kwa hiyo ubishi haukwisha. Kisha 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ikachimbuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kama ukucha, na baadhi yake zina jina hilo la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za Wafatimi, na hizo zina tarehe: karne ya 11. Historia ya ukoo huo wa Kilwa ikarudi nyuma zaidi ya miaka 100 kwa sababu mtu alisoma maandishi yasiyotosha upana wa kidole. Na kule Gedi, karibu na Malindi, ni kaburi moja lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399, lililowapa wachimbaji pa kushika wakati wa kukadiria umri wa mji mzima.

Sasa nizungumze na kamati za misikiti, na nawaomba msinichukulie vibaya, kwani ninyi ndio mliovitunza vitu hivi. Jiwe la Kizimkazi limetufikia kwa sababu msikiti haukuachwa. Upande wa pili wa mihrabu yapo maandishi ya mwaka 1184 Hijria, wa 1770 hivi, ushahidi kwamba msikiti ulijengwa upya na jiwe la wazee likaheshimiwa. Waliojenga walikuwa na akili ya kulibakisha. Siku hizi tunatengeneza kwa haraka zaidi. Kila mfungo ukikaribia ukuta unapakwa, chokaa juu ya chokaa, kisha rangi ya mafuta, na mashimo ya herufi yanajaa kidogo kidogo hadi panabaki uvimbe usiosomeka. Saruji ni mbaya kuliko chokaa. Ukuta wa matumbawe una chumvi na unyevu, unataka kupumua. Ukiuziba kwa saruji, chumvi inatafuta pa kutokea, na inatokea kwenye jiwe lililobaki wazi, ambalo aghalabu ndilo lililochongwa. Wala msikwangue kwa burashi ya waya. Kabla fundi hajaja, pigeni picha. Zimeni taa, fungeni madirisha, mmoja ashike kurunzi pembeni kabisa ya ukuta ili mwanga uteleze juu ya jiwe. Herufi zisizoonekana mchana zitajitokeza kwa vivuli vyake. Wekeni rula kando ili kipimo kijulikane. Simu ya kawaida inatosha.

Walimu wa madrasa nao wana sehemu yao. Vijana wenu wanasoma herufi za Kiarabu kila jioni. Wafundisheni kusoma maandishi ya jiweni wiki chache, muwatoe waende makaburini na daftari. Bara na visiwani yako makaburi mengi ya karne ya 19 yenye jina la marehemu, ukoo wake na siku aliyofariki, na mengi hayajanakiliwa popote.

Tena makaburi hayo yananitia wasiwasi kuliko Kizimkazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, ya 1964, inayalinda majengo na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa. Kaburi la 1290 Hijria, yaani 1873, lenye beti za dua na nasaba ya watu watano, halimo, isipokuwa waziri alitangaze kwa jina. Mwenye kiwanja anaweza kulivunja asubuhi na adhuhuri akamwaga zege. Mpaka huo wa 1863 ulikuwa na maana ilipotungwa sheria, zikiwa zimepita miaka 100 na ushei. Leo imepita zaidi ya 160. Wabunge wausogeze, na hadi watakapousogeza, waziri atumie uwezo alionao kutangaza makaburi yenye maandishi, akianza na yale yaliyo katikati ya viwanja vinavyouzwa.