Tuwaombee Wenzetu, Tusiwahukumu



Katika siku hizi za shangwe twamshukuru Mungu kwa neema zote alizolijalia jimbo letu. Twawakumbuka Mapadre, Mabruda na Masista waliotutangulia, waalimu waliotembea kwa miguu toka kigango hata kigango, na wazee waliopokea Ubatizo kabla yetu. Lakini yatupasa kujua maana ya sikukuu yenyewe, tusije tukashika ngoma tu na kuiacha sababu ya ngoma. Neno jubilei latoka katika lugha ya Kiebrania, nalo lataja pembe ya kondoo dume iliyopigwa ili kuutangaza mwaka mtakatifu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Waisraeli wahesabu miaka 49, na mwaka wa 50 uwe mwaka wa uhuru: mtumwa arudi kwao, na shamba lililouzwa kwa shida limrudie mwenyewe. Basi jubilei ni mwaka wa kuwarudisha watu mahali pao. Kwa sababu hiyo tumependa kusema nanyi leo juu ya watu ambao hawapo hapa, nao wangepaswa kuwapo.

Ninyi mwawajua. Kila kigango kina majina yao. Yuko aliyefunga ndoa kanisani, kisha akaoa mke wa pili. Yuko aliyekwenda kwa mganga mtoto wake alipougua, na baadaye akaona haya kurudi. Yuko binti aliyezaa nyumbani kwa baba yake. Kwanza akasimama nje ya mlango wa kanisa, kisha hata hapo mlangoni hakuonekana tena. Yuko aliyegombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, akaapa kwamba hataketi naye benchi moja. Mbele ya watu hawa tuna njia mbili: ama kuwahukumu, ama kuwaombea. Ni vigumu mno moyo mmoja kuzishika njia hizo zote mbili.

Kwanza tuelewe vema. Bwana wetu alipotukataza kuhukumu hakutuagiza tuuite usiku mchana. Dhambi ni dhambi. Mwalimu afundishaye amri za Mungu hana ruhusa ya kuzipunguza ili ampendeze mtu. Baba na mama wana wajibu wa kuwaonya watoto wao. Padre katika Kitubio ameketi kama hakimu kwa jina la Kristu, na nchi ina mahakama zake. Tena Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 18, yatufundisha kumwonya ndugu aliyekosa, na kuanza faraghani, mtu na mwenziwe. Linalokatazwa ni jambo jingine: ni kuuingia moyo wa mwenzetu, ambao Mungu peke yake ana ufunguo wake, na kutangaza ya kuwa mtu huyu amekwisha, hana toba, wala hatarudi kamwe. Sisi twaliona tendo. Hatuioni vita aliyoipigana kabla ya kushindwa, wala woga wake, wala machozi yake ya usiku. Wazee walisema, hujafa hujaumbika. Naye mwenzetu hajafa bado. Kazi ya Mungu ndani yake haijakwisha.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa karne ya 13, afundisha kwamba jambo la mwenzetu likiwa na shaka, yatupasa kulifasiri kwa upande ulio mwema. Yaweza kutokea, asema, kwamba tutadanganyika mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya. Hata hivyo ni afadhali kuliko kudanganyika mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa kuwa huyu wa pili amedhulumiwa, na yule wa kwanza hakudhulumiwa. Naye Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, alitoa kitabu mwaka 1609 kwa ajili ya Wakristu waishio katikati ya familia na kazi zao. Humo aliweka sura nzima juu ya hukumu za haraka, akaonyesha kwamba huzaliwa katika kiburi, katika husuda na katika uchungu wa moyo. Basi ahukumuye huonyesha zaidi ugonjwa wake mwenyewe kuliko ugonjwa wa yule anayemsema.

Twende sasa katika Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, Mungu anamjulisha Ibrahimu habari za Sodoma. Ibrahimu asingekosa maneno ya kuishitaki miji ile, kwani Lutu, mwana wa ndugu yake, alikaa huko. Lakini yeye alimkaribia Mungu, akaomba. Kama wamo wenye haki 50, je, mji hautaachiliwa kwa ajili yao? Na kama ni 45? Akashuka mpaka 40, na 30, na 20, akafika 10. Tazameni hesabu yake: hakuwahesabu waovu, ambao walikuwa wengi, aliwatafuta wenye haki, ambao walikuwa wachache. Ndivyo afanyavyo mtu amwombeaye mwenziwe: hutafuta ndani yake jema hata dogo, alishike, amwonyeshe Mungu.

Kinyume cha Ibrahimu ni yule Farisayo wa Injili ya Mtakatifu Luka. Alikwenda hekaluni kusali, akamwona mtoza ushuru amesimama mbali, akamtia katika sala yake. Lakini alimtia ili ajisifu kwamba yeye hafanani naye. Neno moja la kumwombea lingetosha, na labda wote wawili wangerudi nyumbani wamepata haki. Hapo twajifunza jambo la kuogopesha: hata sala yaweza kugeuzwa kuwa mashitaka.

Mfano ulio bora twaupata katika Afrika yetu hii, upande wa Kaskazini. Mtakatifu Monika aliishi katika mji wa Tagaste, katika nchi iitwayo siku hizi Algeria, na mwanawe Agostino alizaliwa huko mwaka 354. Kijana huyo alikuwa na akili nyingi, lakini alikaa na mwanamke bila ndoa, tena akafuata mafundisho ya uzushi ya Wamanikayo yapata miaka tisa. Mwanzoni Monika alichukizwa sana, hata hakutaka kula naye meza moja. Baadaye aliota ndoto iliyomtia matumaini ya kuwa mwanawe atasimama siku moja mahali pale asimamapo yeye. Ndipo akamrudisha mezani. Monika hakusema kwamba uzushi ni kitu chema. Alichobadili ni njia ya kumtafuta mwanawe.

Akamwendea Askofu mmoja, akamsihi aende kubishana na Agostino. Askofu alikataa, kwa sababu kijana yule alikuwa bado amejaa majivuno, wala hakuwa tayari kufundishwa. Akamshauri mama aendelee kuomba tu. Monika hakuridhika, akazidi kulia, hata Askofu akamwambia kwamba haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Miaka ikapita. Mwanawe akavuka bahari. Mama akamfuata mpaka Italia. Usiku wa Pasaka mwaka 387, katika mji wa Milano, Agostino alibatizwa kwa mkono wa Mtakatifu Ambrosio. Mwaka uo huo Monika alifariki huko Ostia. Karibu ya kufa aliwaambia wanawe kwamba hajali mwili wake utazikwa wapi, ila wamkumbuke mbele ya altare ya Bwana. Basi yule aliyeombewa akawa mwombezi wa mama yake, kisha akawa Askofu na Mwalimu wa Kanisa lote.

Labda mtasema: huyo alikuwa mama, na mama hawezi kumwacha mtoto wake. Haya, tumtazame mwingine asiyekuwa na udugu wa damu. Mwaka 1887 mtu mmoja jina lake Henri Pranzini alihukumiwa kufa huko Paris kwa sababu ya kuwaua wanawake wawili na mtoto wa kike. Magazeti yalijaa habari zake, na watu walimchukia. Katika mji wa Lisieux alikuwako msichana wa miaka 14, ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Yeye hakusema kwamba mtu yule hana kosa, wala hakuibishia mahakama. Alifahamu tu kwamba hukumu ya wanadamu huishia kaburini, na roho ya mtu yaendelea. Akasali, akajinyima, akaomba Misa itolewe kwa nia hiyo, naye akamwomba Mungu ampe ishara moja ya toba ya mtu yule. Tarehe 31 Agosti 1887 Pranzini alipelekwa kukatwa kichwa, naye hakuwa ametaka kuungama. Kesho yake Teresia alisoma gazetini ya kuwa dakika ya mwisho mtu yule aligeuka, akashika msalaba aliouinua Padre, akaubusu mara tatu. Teresia akamwita mtoto wake wa kwanza. Mwaka 1927 Baba Mtakatifu Pius wa 11 alimfanya Teresia kuwa msimamizi wa Misioni zote, ingawa hakupata kukanyaga nchi yoyote ya Misioni. Alitumika kwa sala.

Na sisi wenyewe tu watoto wa sala za namna hiyo. Mwaka 1822, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa, mwanamke kijana jina lake Pauline Jaricot aliwakusanya watu, wengi wao maskini na wafanya kazi, katika makundi ya watu kumi kumi. Kila mmoja alitoa senti yake moja kila juma na kusali kila siku kwa ajili ya Misioni. Ndio mwanzo wa Shirika la Kueneza Imani. Watu wale hawakuwaona babu zetu. Walisikia pengine habari nyingi mbaya juu yao, na nyingine za uongo. Wangeweza kuwahukumu, waliwaombea. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, sala hizo zilikuwa zimetangulia zaidi ya miaka arobaini. Je, tuliopokea imani kwa kuombewa na wageni, tutamnyima sala jirani tunayechota naye maji kisima kimoja?

Basi, ili maneno haya yasibaki hewani, twawapa ninyi mashauri manne.

La kwanza: ukisikia habari ya mwenzako aliyeanguka, kabla ya kuipeleka kwa mtu mwingine, ipeleke kwa Mungu. Sema Salamu Maria moja. Mara nyingi, ukiisha kusali, hamu ya kuisimulia habari ile itakuwa imekwisha.

La pili: sala isiwe kisingizio cha kusengenya. Wako wasemao katika mkutano, tumwombee fulani, kisha wataja dhambi yake yote mbele ya watu, na wasikilizaji warudi nyumbani na habari mpya. Mungu hana haja ya kuelezwa namna hiyo. Yaliyofichika tuyaombee kwa siri.

La tatu: amwombeaye mwenziwe amwendee. Hili latuhusu hasa pamoja nanyi Waalimu. Hutokea kwamba mtu aliyekaa miaka mingi bila Sakramenti anashikwa na ugonjwa, naye anamtamani Padre, lakini anaona haya kumwita. Majirani wanasema, huyo aliacha dini zamani, hataki. Hakuna amwulizaye. Naye afa bila Kitubio na bila Mpako Mtakatifu, si kwa sababu Padre alikuwa mbali, bali kwa sababu watu walimkatia hukumu kabla ya Mungu. Waalimu, piteni katika nyumba hizo mtu angali mzima. Mwamkieni kwa heshima, mwulizeni hali, na mkisikia ameugua, nendeni upesi mkamwulize kama anataka Padre aitwe. Swali hilo moja laweza kuwa mlango wa mbingu.

La nne: arudiye asikutane na minong'ono. Kuteleza si kuanguka, na aliyeanguka akainuka anastahili mkono, si kidole cha kumwonyesha. Mpisheni nafasi benchini. Mwana mpotevu alikutana na baba yake kwanza, na hilo likamwokoa. Kama angalikutana na kaka yake shambani, labda angaligeuza njia.

Labda mtu ataogopa kwamba tukifanya hivyo dhambi itaonekana kitu chepesi, na vijana wataiga. Twamjibu hivi: mtu anayepiga magoti kila siku kwa ajili ya mkosefu ndiye ajuaye uzito wa dhambi, maana anaubeba pamoja naye. Mwenye kumcheka mkosefu barazani hajaubeba hata kidogo. Tena mwenye kusali ndiye apataye maneno ya kuonya yasiyochoma, kwa sababu ameyatoa kwanza mbele ya Mungu. Mnajua kwamba katika sala ya Baba Yetu Bwana hakutufundisha kujiombea kila mtu peke yake. Aliomba kwetu sote mkate, na kwetu sote msamaha. Asemaye sala ile amekwisha kumtia jirani yake ndani yake, apende asipende.

Wapenzi Wakristu, kila mmoja wetu na achague leo jina moja la mtu ambaye hayupo hapa. Asilitaje kwa mtu. Alichukue mpaka Komunyo Takatifu, na kesho alisali tena, na mwaka ujao vilevile kama haja ipo, kwani Monika hakuhesabu miaka. Ndipo pembe ya Jubilei itakapokuwa imelia kweli katika jimbo letu, siku tutakapowaona wenzetu wakirudi mmoja mmoja mahali pao.

Bikira Maria, kimbilio la wakosefu, Mtakatifu Monika na Mtakatifu Teresia watuombee sisi na wote tuwaombeao. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.