Njaa na Ari ya Mbwa Mchanga wa Kuwindia

Mada kwa semina ya wafugaji wa mbwa, wakulima na wataalamu wa mifugo, Kafutuma, Wilaya ya Nchelenge



Nimeombwa kueleza namna ya kumfunza mbwa mchanga ili asikate tamaa akiwa porini. Fasili nitazipitia upesi, maana hapa hakuna asiyezijua. Mbwa mchanga ni yule ambaye bado anakua, yaani hajafikisha mwaka mmoja na miezi michache. Mbwa wa kuwindia hunusa, hufuata, na humjulisha mwenyewe alichokiona. Ari ni ile hamu ya kuendelea kutafuta hata harufu ikikatika.

Kuhusu sheria, naomba tusielewane vibaya. Uwindaji nchini Zambia unasimamiwa na Sheria ya Wanyamapori Na. 14 ya 2015, na msimamizi wake ni Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori. Lusenga Plain na Mweru Wantipa ni hifadhi za taifa tangu 1972, na hakuna mafunzo ya mbwa wa mtu binafsi yatakayofanyika humo. Ninayoyasema yanawahusu mbwa wanaolinda mashamba ya mihogo dhidi ya nguruwe pori na ndezi, pamoja na mbwa wa mwindaji mwenye kibali mkononi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimepambana nalo miaka mingi, na ambalo bado nalikuta karibu kila nyumba: imani kwamba mbwa aliyeshiba hawindi. Mtoto wa mbwa akifikisha miezi minne au mitano, mwenyewe anaanza kumpunguzia chakula ili awe mkali. Siku ya kwenda porini hampi kitu, na jioni yake humtupia mifupa. Baada ya miezi michache mbwa analala kivulini katikati ya msako, naye anaitwa mvivu. Hapo hufuata fimbo. Wengine huponda pilipili au majani makali wakamtia puani ili "kumfungua." Ndugu zangu, pua ile ndiyo kazi yake yote, na sisi tunaiunguza kwa mikono yetu.

Imani hii haikuzuka bure. Ni kweli kwamba mbwa asikimbizwe tumbo likiwa limejaa. Anatapika, na mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu anaweza kujisokota tumbo akafa. Mzee aliyesema mbwa asile kabla ya kuwinda alikuwa anazungumzia saa chache za asubuhi. Sisi tukaigeuza kauli yake kuwa miezi ya njaa.

Mwili wa mbwa anayekimbia muda mrefu huendeshwa zaidi na mafuta. Asipokuwa nayo, unaanza kula misuli. Anachoka mapema, anapata joto, anahema kwa mdomo, na mbwa anayehema hawezi wakati huohuo kunusa kwa makini. Kwa hiyo mbwa mwenye njaa hupoteza harufu ambayo mwenzake aliyekula vizuri jana yake angeifuata. Akiipoteza mara kwa mara, anaacha kuitafuta. Tunakosea kumwita mvivu: amejifunza kwamba kutafuta hakuna faida.

Kuna ubaya mwingine unaoniumiza zaidi. Mbwa mwenye njaa akikamata ndezi, atamla kabla mwenyewe hajafika. Mwenyewe anakuta manyoya, anampiga. Mara nyingine mbwa anamkimbia mwenyewe akiwa na windo mdomoni. Kijijini anaiba samaki kwenye vichanja na kufukuza kuku wa jirani. Ugomvi wa majirani unaishia kwake, pengine kwa sumu. Njaa ilikusudiwa kumfunga kwa mwenyewe, nayo ndiyo iliyomfundisha kwamba mwenyewe ni mshindani wa chakula.

Tuangalie wanaofanya kazi hii kwa nidhamu. Mwaka 2014 Conservation South Luangwa, kule Mfuwe, walianzisha kikosi cha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, nyama ya magendo na risasi. Mwaka huohuo African Wildlife Foundation ilianza mafunzo ya aina hiyo Usa River, karibu na Arusha, na mbwa wake wakapelekwa kufanya kazi bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mbwa hawa wanalishwa kwa kipimo kila siku. Kinachowasukuma ni mpira: mbwa akionyesha harufu sahihi, anarushiwa mpira na kuchezewa hapohapo. Na kwa kuwa mizigo mingi haina pembe wala magamba ya kakakuona, wakufunzi huficha sampuli wenyewe ili mbwa asipitishe siku nyingi bila kupata. Hatuhitaji fedha za mfadhili kuiga hilo.

Nasi tufiche. Kipande cha ngozi ya ndezi kikiburutwa kwenye nyasi hatua hamsini, na mwisho wake kikawekwa pamoja na kichwa cha samaki, kinamfundisha mbwa mchanga kuliko kutwa nzima ya kutembea kwenye pori tupu.

Magonjwa nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa daktari wa mifugo atayazungumza mchana. Mbwa mwenye fizi nyeupe ana upungufu wa damu, na kwa mbwa wadogo minyoo ya safura ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mbwa mwenye homa na jicho lililoingia ukungu wa buluu huenda ameumwa na mbung'o. Wazee wanakumbuka kusimuliwa jinsi utawala wa kampuni ya kikoloni ulivyowahamisha watu kandokando ya mto Luapula na ziwa Mweru kwa ajili ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Vimelea wa jamii ya wale wa malale huua mbwa pia. Kumpiga mbwa wa namna hii ni ukatili.

Mapendekezo:

Mbwa anayekua asinyimwe chakula kwa kisingizio cha mafunzo. Nalisema kwanza na nitalirudia.

Ubwali, yaani ugali, wa muhogo peke yake haumtoshi. Unga wa muhogo una protini chini ya asilimia 3, ilhali vipimo vya Marekani vinataka chakula kikavu cha mbwa anayekua kiwe na angalau asilimia 22.5. Ziwa tunalo. Chisense, dagaa wetu, waliovunjika ambao hawauziki, vichwa na matumbo ya samaki, vyote vichemshwe na kuchanganywa na ubwali. Mbwa mdogo ale mara tatu kwa siku, mkubwa mara mbili.

Siku ya kazi apewe kidogo sana asubuhi, maji njiani, na mlo kamili akishapumzika nyumbani.

Pilipili na dawa za puani ziachwe. Fimbo iachwe.

Safari za kwanza ziwe fupi, asubuhi kabla ya joto, na zikomeshwe mbwa angali na hamu. Kila moja iishie kwa kupata kitu, hata kama ni kile ulichokificha wewe. Asiunganishwe mapema na kundi la mbwa wakubwa. Watamtangulia kila mara, naye atajifunza kuwafuata wao badala ya harufu.

Akileta windo, apewe sehemu yake mbele yako na kwa mkono wako, hapohapo, si jioni.

Ofisi ya mifugo ya wilaya iombwe kuleta dawa za minyoo pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, badala ya chanjo peke yake. Chanjo huanza miezi mitatu; siku hiyohiyo mbwa apimwe uzito, na mwenyewe aulizwe mbele ya wenzake mbwa huyu alikula nini jana.

Na mbwa anayekua asinyimwe chakula. Mwenye mbwa wawili asioweza kuwalisha abaki na mmoja.