Furaha Isingoje Turudi Nyumbani

Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya kamati kwenye sherehe ya Uhuru, 9 Desemba, Uingereza

 

Kila mwaka siku kama ya leo tunawasimulia watoto jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyosimika bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro, Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961. Habari hiyo sasa wanaijua. Leo tumeombwa kuzungumza jambo dogo zaidi, la jikoni na sebuleni kwetu: furaha ya kila siku, na kwa nini wengi wetu inatupita.

Tuseme kweli, Desemba ya huku ni ngumu. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Tunakwenda kazini gizani, tunarudi gizani. Nyumbani wakati huu ni msimu wa maembe. Basi mwili unakuwa hapa na moyo uko kule. Sikilizeni maneno yetu wenyewe: tukimaliza kujenga, tukipata karatasi, tukilipa deni, tukirudi. Kila jambo jema linaanza na "tuki". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baadhi yetu tuna miaka 20 hapa, na bado tunajihesabu wageni.

Katika moja ya nyumba zetu, Jumamosi moja, mama alikuwa akisukuma chapati. Simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, na fundi wa nyumbani anamwonyesha kenchi za paa. Pembeni amesimama mtoto wa miaka saba na donge lake la unga. Akauliza, "Mama, hili ni duara?" Mama akajibu ndiyo bila kugeuka. Akauliza tena, na tena. Simu ilipokatwa, donge lilikuwa limeachwa juu ya kibao na mtoto ameshakwenda kwenye televisheni. Jioni mama akamuuliza mbona hukumaliza chapati yako. Mtoto akasema, "Ulikuwa Tanzania."

Tuliposimuliwa tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alijiona.

Hatumlaumu mama huyo. Nyumba ile ni jasho lake, na fundi asiposimamiwa mnayajua yake. Lakini watoto hawasubiri paa liishe ndipo wakue. Wanakua sasa, katika jikoni hili hili dogo lenye dirisha lililojaa mvuke. Nyumba ikichelewa mwaka, itajengwa mwaka mwingine. Utoto ni maji, yakimwagika hayazoleki.

Na tusidhani wanaokosa ni watoto tu. Ni wangapi kati yetu tumempigia mzazi huku tunaosha vyombo, "Ndiyo mama, sawa mama," bila kusikia alichosema? Wapo kati yetu ambao simu ya namna hiyo ilikuwa ya mwisho. Mpaka leo wanajiuliza mama alikuwa anasimulia nini. Kwa hiyo hatusemi muache kupiga simu nyumbani. Tunasema simu ikipigwa, keti.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walilijua barazani, kwenye kahawa na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ukiwaza shamba au deni huku unacheza, unaliwa kete zako na watu wanacheka. Pale mtu alilazimika kuwapo, mikono, macho na akili. Ndiyo maana waliondoka barazani wameburudika, ingawa shida zao zilikuwa pale pale.

Mwezi uliopita familia chache za kamati tulijaribu. Wakati wa chakula cha Jumamosi simu zote zinawekwa kapuni, za wakubwa kwanza. Kisha kila mmoja anajibu swali moja kwa Kiswahili: leo umeona nini? Wiki ya kwanza majibu yalikuwa "hakuna kitu". Wiki ya pili mtoto mmoja alisema ameona pumzi yake ikitoka kama moshi wa jiko la kuni. Baba mmoja anayefanya kazi usiku alisema asubuhi alikaa mbele kabisa juu kwenye basi la ghorofa, akatazama mji unavyoamka. Amepanda basi hilo miaka mingi akiwa amelala. Siku nyingine kapu lililia, ni habari ya mgonjwa kutoka nyumbani, tukapokea. Maisha ndiyo hayo. Lakini chakula kilikuwa na ladha, na watoto sasa ndio wanaoleta kapu.

Ndugu zetu, tutaendelea kujenga na kutuma fedha, na Mungu akipenda tutarudi. Hata hivyo, pamoja na "tukirudi", tujifunze kusema "tunakula", "tunacheka", "tupo". Uhuru tunaousherehekea leo ulikuwa pia wa mtu kuwa mwenyewe wa siku yake.

Pilau iko tayari, na bao limewekwa karibu na dirisha. Watoto, waombeni wazee wawafundishe. Wazee, zimeni simu kidogo.