Usalama Katika Shule ya Awali ya Kiyahudi


Tarehe 10 Agosti 1999, mtu mwenye bunduki aliwajeruhi watu watano, watatu kati yao watoto, katika kituo cha jumuiya ya Kiyahudi mjini Los Angeles. Hofu yenu, basi, ina msingi. Hata hivyo, tunawasihi msilitazame lango peke yake. Ulizeni nani hufunguliwa mlango na walimu walifanya lini mazoezi ya dharura. Kisha someni ripoti za ukaguzi, ambazo California huziweka wazi kwa umma. Wahesabuni watoto pia: wakiwa macho, mwalimu aliye peke yake hapaswi kusimamia zaidi ya 12. Mlinzi humzuia mgeni. Mtoto aliyepaliwa huokolewa na mwalimu aliye karibu.